Mto Chini ya Goti la Mama

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una madeni ya unga, sukari na sabuni. Wa pili vilevile. Wa tatu unaanza na 38.6, saa mbili usiku. Chini yake 37.1, alfajiri, kanga imelowa jasho chapachapa. Nina kiduka Pumwani, na usiku ule nilipompima Mama homa kwa mara ya kwanza, daftari la madeni ndilo lililokuwa karibu na mkono. Nikaandika humo humo, kati ya majina ya wateja. Nilidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Tarakimu zile zilikuja kujaza kurasa kumi na moja.

Mama alikuwa na miaka 63. Wiki tatu nyuma alikuwa ametoka Ukunda kwa dada yangu, kwa hiyo kila aliyekuja kumjulia hali alitaja malaria. Halikuwa neno la kubahatisha. Nairobi iko juu na mbu wa malaria hapendi baridi yetu, lakini anayetoka Pwani au upande wa Ziwa huweza kuja nayo damuni. Tukapima, hakuna. Siku ya tatu tukarudia, hakuna.

Ikaja taifodi, na hapo ndipo tulipopoteza karibu mwezi mzima. Kliniki ya karibu walimtoa damu, wakafanya kile kipimo kiitwacho Widal, karatasi ikarudi na taifodi. Mama akachomwa sindano siku saba. Homa haikutoka. Tukaenda kliniki nyingine: kipimo kilekile, jibu lilelile, safari hii vidonge. Leo najua kwamba Widal haimtafuti mdudu mwenyewe. Inatafuta kinga ambazo mwili uliwahi kutengeneza, na mtu aliyeugua taifodi miaka ya nyuma, wakati mwingine hata mwenye ugonjwa tofauti kabisa, huweza kuonekana anayo. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu maabara, na damu hiyo yafaa itolewe kabla mgonjwa hajaanza antibiotiki. Sisi tulifika kwenye kuotesha damu Mama akiwa ameshameza na kuchomwa kila kitu. Hakikuota chochote.

Vidonge vile vilishusha homa kidogo. Kwa siku nne daftari linaonyesha 37.6, 37.4, 37.5, 37.4. Nikasema alhamdulillahi, nikapika pilau. Siku ya tano, 38.9.

Nyumbani kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaandika. Mama alianza kuswali kwenye kiti. Tangu nipate akili nimemwona akiswali kwenye mkeka, akiinuka bila kushika ukuta, lakini nilijiambia ni homa imemchosha. Kupanda matatu alianza kutanguliza mguu wa kushoto, kisha anauvuta wa kulia kwa mkono, akiinua paja kama mtu anayenyanyua ndoo. Usiku alilala ubavu, goti la kulia limekunjwa hadi karibu na tumbo. Nikimwambia anyooke apate usingizi, ananijibu, "Hivi ndivyo ninavyopata nafuu, mwanangu." Nilipomuuliza kama mgongo unamuuma alisema unauma, lakini mgongo wa mtu mzima ni lini hauumi? Hospitali tulienda kwa sababu ya homa, basi nikawa naeleza homa tu.

Wiki ya tano akapigwa eksirei ya kifua. Ilikuwa safi. "Hana TB," tukaambiwa, na mimi nikafurahi, kwani hata kukohoa alikuwa hakohoi.

Wiki hiyohiyo tukatumwa kufanya altrasaundi ya tumbo kwenye kituo kimoja cha picha mjini. Fomu tuliyobeba ilikuwa na maneno mawili: homa, tumbo. Kijana aliyempima alikuwa mpole sana. Alimwamkia Mama shikamoo, akamwomba alale chali anyooshe miguu. Mguu wa kushoto ukanyooka. Wa kulia ukagoma. Mama akauma mdomo. Yule kijana akasema, "Usijitese, mama," akachukua mto, akauweka chini ya goti lile, akaupapasa ukae sawa, kisha akapaka jeli tumboni na kuendelea na kazi. Ini sawa, bandama sawa, figo zote mbili sawa, nyongo haina mawe. Upande wa nyuma gesi ya matumbo ilimzuia kuona vizuri. Yote hayo yameandikwa kwenye ripoti, hata gesi. Mto haukuandikwa.

Simlaumu. Alifanya alichoombwa, na kwa upole ambao sikuupata kila mahali. Ila nimeukumbuka mto ule mara nyingi.

Wiki ya saba Mama alikuwa amepungua hata bangili zikawa zinamvuka zenyewe. Jirani mmoja akatuelekeza kwa daktari wa magonjwa ya ndani, mama wa makamo, asiyeinua sauti. Wengine walikuwa wakipokea karatasi zetu na kuangalia ile ya juu tu. Yeye alizipanga zote mezani kwa tarehe, kisha akaniuliza kama nina kitu kingine. Nikalitoa daftari kwa aibu, maana humo mna madeni ya watu. Akalisoma kurasa zote. Akaona kwamba homa hupanda jioni na kushuka alfajiri kwa jasho. Akakiweka kidole kwenye zile siku nne. "Alikuwa anatumia nini hapa?" Nikamtajia vidonge. Akatikisa kichwa, akaandika jambo.

Ndipo nilipojua kwamba hali ya Mama ina jina lake kitabuni: homa isiyojulikana chanzo. Mwaka 1961 madaktari wawili wa Marekani, Petersdorf na Beeson, walieleza habari za wagonjwa 100 wa aina hiyo na kuweka mpaka wake: joto linalopita 38.3 mara kadhaa, kwa zaidi ya wiki tatu, na chanzo hakijapatikana hata baada ya wiki moja ya uchunguzi hospitalini. Katika wagonjwa wale maambukizi yaliongoza, TB ikiwamo. Wengine walikuwa na saratani, wengine magonjwa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe, na wapo ambao chanzo hakikupatikana kamwe. Nilipoambiwa hivyo nilituliza moyo kidogo. Kumbe si sisi peke yetu tuliozungushwa, na kumbe kuna njia ya kufuata.

Daktari alimuuliza Mama maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Amewahi kunywa maziwa mabichi? Nani nyumbani aliwahi kuugua TB? Amewahi kufanyiwa upasuaji, ana chuma chochote mwilini? Amepima virusi vya Ukimwi? Kisha akaniuliza mimi: "Tangu augue, kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo sasa halifanyi?"

Nikamwambia habari ya kiti cha kuswalia.

Akasimama. Akamlaza Mama chali, akajaribu kuunyoosha mguu wa kulia taratibu. Mama akashika ukingo wa kitanda. Akamgeuza ubavu wa kushoto, akauvuta mguu ule nyuma kidogo tu, na Mama akalia, "Ya Rabi!" Akapita na ngumi laini juu ya uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine, gonga, gonga, na alipofika chini ya mstari wa mbavu Mama akaruka. Hayo yote yalichukua dakika zisizozidi tano na hayakugharimu hata shilingi.

Akaketi kuandika ombi la CT ya tumbo na nyonga, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Nilihesabu mistari sita: siku ngapi za homa, uzito uliopungua, eksirei na altrasaundi zimesema nini, mguu wa kulia haunyooki, maumivu kwenye pingili za kiuno, na mwisho swali: je, kuna jipu kwenye msuli wa soasi, na pingili zikoje? Alipoona namtazama akaniambia, "Daktari wa picha hatamwona mama yetu. Ataona picha mamia, na karatasi hii."

Msuli huo wa soasi mimi sikuwahi kuusikia. Ni msuli mnene, upo mmoja kila upande, unashuka kutoka pingili za kiuno, unapita ndani ya nyonga na kushika mfupa wa paja. Ndio unaoinua goti. Mtu anayepanda ngazi ya matatu anautumia, na anayeinuka kutoka kwenye mkeka wa swala anautumia. Ukiwa na usaha ndani, kuunyoosha ni mateso, ndiyo maana mwenye nao hukunja mguu apate nafuu. Mama alikuwa ametuambia hivyo kwa maneno yake mwenyewe.

Nilimuuliza daktari swali ambalo wengi wangeuliza: kwa nini asipigwe mashine kubwa kuliko zote, mwili mzima, tumalize? Nilikuwa nimesikia habari za PET. Hakunipuuza, na maelezo yake nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa. Kwenye PET mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa na chembe yenye mionzi, florini-18. Palipo na seli zenye kazi nyingi, iwe ni uvimbe wa saratani, usaha, au mshipa wa damu uliovimba, sukari hukimbilia huko na mahali hapo huwaka pichani. Nguvu ya chembe ile hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi, ndiyo maana haiwezi kukaa ghalani. Lazima itengenezwe karibu na mgonjwa kwa mtambo unaoitwa sikilotroni. Kuna wakati Wakenya walikuwa wakisafiri hadi India kwa picha hiyo. Sasa inafanywa hapa Nairobi, hospitali ya Aga Khan na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa hukaa na njaa saa sita hivi, hupimwa sukari, akishadungwa dawa hutulia kama saa moja bila kutembeatembea, kwa sababu hata msuli unaofanya kazi hula sukari hiyo na kuvuruga picha. Ubongo huwaka daima, na kibofu pia. Inafaa sana pale ambapo vipimo vya damu vinaonyesha mwili unapambana na jambo lakini hakuna dalili hata moja ya kukuelekeza pa kutazama.

"Mama yako ameshatuonyesha pa kutazama," akasema. "Tukikosa hapo, tutafika huko."

Pesa ya CT ilitoka kwenye chama changu, nyingine ndugu zangu wakaituma kwa M-Pesa. Kabla ya picha Mama alipimwa figo, kwa sababu dawa inayodungwa mshipani ili viungo vionekane vizuri hutoka kupitia figo, na figo dhaifu huweza kuumia. Wakamuuliza kama ana kisukari na anatumia metfomini, kama ana pumu, kama amewahi kupata mzio wa dawa kama hiyo. Nilivaa koti zito la kukinga mionzi nikaruhusiwa kukaa naye hadi alipotulia, kisha nikatoka. CT hutumia mionzi ya aina ileile ya eksirei ila kwa wingi zaidi, hivyo si picha ya kumpiga kila mwenye homa, na mama mjamzito au mtoto hufikiriwa mara mbili. Picha yenyewe haikuzidi dakika kumi. Vuta pumzi, shikilia, achilia.

Alipotoka alinishika mkono na kuninong'oneza, macho chini, "Mwanangu, nadhani nimejikojolea." Hakuwa amejikojolea. Dawa ile huleta joto ghafla mwili mzima, na wengi hulihisi zaidi sehemu za chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na alilala na fedheha ile juu ya meza ya chuma bila kuweza kusema neno. Ukimpeleka mzazi wako, mwambie mapema.

Jioni ileile simu ya daktari ikalia nikiwa dukani. Jipu lipo. Upande wa kulia, urefu wake sentimita 9, ndani ya msuli uleule. Pingili mbili za kiuno, ya tatu na ya nne, zimeanza kuliwa pale zinapokutana. Nilisimama katikati ya duka na mteja akisubiri chenji yake, nikalia. Ilikuwa habari mbaya, lakini baada ya wiki saba za kuambiwa hakuna kitu, kusikia kwamba kitu kipo, kina upande na kina urefu, kulikuwa kama kupewa maji.

Baadaye nilisoma kuhusu mashine ile na kukuta jambo lililonigusa. Hesabu za kuunda picha ya ndani ya mwili kutokana na mionzi inayopita pande mbalimbali zilianzwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, baada ya kufanya kazi kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, katika miaka ya 1950. Mwingereza Godfrey Hounsfield akaunda mashine, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwaka 1971, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1979. Hatusimuliwi kwamba wazo hilo lilianza kuchorwa hapa Afrika. Ningependa tusimuliwe.

Lakini ripoti haikusema Mama anaumwa nini. Nilidhani itasema. Iliandika kwamba hali ile yaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, yaweza kuwa brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi, yaweza kuwa bakteria wengine, na ikashauri usaha uvutwe upimwe. Picha ilikuwa imetupa mahali. Jina lilikuwa ndani ya usaha. Siku mbili baadaye, hospitali ya rufaa, daktari wa picha alipitisha sindano ndefu kiunoni huku akiifuata kwa altrasaundi, mashine ya aina ileile ambayo wiki mbili nyuma haikuona kitu. Sasa alijua pa kuielekeza, na jipu likaonekana kama kiziwa cheusi. Usaha uliotoka ulijaza bilauri, wa manjano mepesi, na wala haukunuka. Wakaacha mrija mwembamba ili uliobaki uendelee kutoka.

Kesho yake jibu la GeneXpert, kipimo cha haraka cha kumtafuta mdudu wa TB, lilitoka. TB, na haikuonyesha usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB.

"TB?" Mama akauliza. "Mimi ambaye sikohoi?" Akaanza kufikiria vikombe, wajukuu, watu wa mtaa. Daktari aliketi kitandani kwake akamweleza kwamba vijidudu hivyo huingia kwa mapafu, lakini vinaweza kusafiri kwa damu na kukaa mfupani kimya, hata miaka, na eksirei ya kifua ikawa safi. Usaha wake huteremka ndani ya msuli bila kuchemsha ngozi wala kuifanya nyekundu. Ndiyo maana mkono wangu, uliompaka mafuta mgongoni kila usiku, haukuhisi chochote. TB iliyo mfupani tu haiambukizi kwa kuongea wala kwa kikombe. Kuhusu zile siku nne za daftari, alisema baadhi ya dawa wanazopewa watu kwa taifodi huwatuliza hata vijidudu vya TB kwa muda bila kuwamaliza, na kwamba huenda ndicho nilichokiandika bila kujua.

Dawa za TB ni bure katika hospitali za serikali. Ya mapafu huchukua miezi sita. Ya mifupa, mwaka mzima: miezi miwili ya dawa nne, kisha kumi ya dawa mbili. Alipigwa pia MRI kuangalia kama uti wenyewe, ile kamba ya neva, umebanwa, kwa sababu ungebanwa angeweza kupooza miguu. MRI haina mionzi, ni sumaku, ila ina kelele kama fundi wa mabati na mtu hulala ndani ya mtungi zaidi ya nusu saa. Haukuwa umebanwa. Wiki ya tatu ya dawa nikaandika 36.8 jioni, na kesho yake 36.7, na sikuiamini hadi nikabadilisha betri ya kipimajoto.

Mwezi wa saba wa matibabu tulirudishwa kupiga MRI nyingine kuona pingili zinaponaje. Mtaalamu wa mashine alimlaza Mama chali, kisha akachukua mto wa pembetatu ule wa kuweka chini ya magoti, akauinua. Mama akamzuia kwa mkono.

"Usiuweke kwanza, mwanangu," akamwambia. Akanyoosha mguu wa kulia polepole mpaka kisigino kikagusa meza, akautuliza hapo. "Umeona? Haya, andika."